Injini ya Zawadi Kutoka Makambako

Ambrose wa Mjimwema ni fundi wa mashine za kupasua mbao, na nyuma ya nyumba yake, chini ya mabati, kuna ndege. Si mzaha. Kaichonga mwenyewe kwa mbao za paini, mabawa kayavika kitambaa kigumu kilichopakwa rangi, na viti ni viwili. Kilichokosekana ni injini tu. Wapita njia humwita Rubani, naye huwaitikia.

Basi mwaka huu baba mkwe wake, mzee Hilario wa Makambako, anayeuza vipuri vya magari mabovu, akapiga simu.

"Njoo uchukue. Nimekupatia ileile uliyosema, isiyo na pistoni. Ni zawadi, mwanangu. Nimechoka kusikia mume wa binti yangu Germana anachekwa."

Injini ya namna hiyo ni nyepesi, ndiyo maana Ambrose aliitafuta. Ndani yake huzunguka chuma cha pembe tatu. Ukitoa plagi ukaweka kidole kwenye tundu, mwenzako akazungusha kwa spana, kila upande wa kile chuma hupiga pumzi yake: tatu, sawasawa. Pumzi ikipungua, injini ni mgonjwa. Barabarani mgonjwa huegeshwa kando. Angani utamwegesha wapi?

"Kamwene, baba," alisalimu Ambrose akivua kofia.

"Kamwene. Habari za nyumbani baadaye, pima kwanza!"

Mzee mwenyewe akashika spana. Puf, puf, puf. Pumzi nzito, zilizoshiba. Ambrose akajikuta anacheka. Kisha akatoa kidole, kikawa kinachuruzika oili.

"Baba, umetia oili humu?"

"Sasa! Ningekukabidhi kavu? Mashine za mbao tukizilaza masika si tunazinywesha? Hii nimeinywesha mpaka ikakataa."

Mzee alifanya kwa upendo. Lakini oili huziba palipopasuka, na huenda pumzi zile zilikuwa za oili. Ambrose akaomba petroli. Wakaiosha ndani, wakaipindua, ikatema yote. Akaweka kidole tena.

Puf. Kimya. Kimya. Puf. Kimya, kimya.

Kile kipande kinachoziba pembe moja kilikuwa kimevunjika. Alipomulika kwa tochi ya simu aliona kimechimba hata ukuta wa ndani. Hilo halitengenezeki Makambako wala Njombe.

Mzee alikuwa anafuta mikono. Masikio yake siku hizi ni mazito. Hakusikia kimya wala pumzi. Alikuwa amevaa koti la kanisani, na majirani wa gereji walishasogea kutazama.

"Vipi, Rubani? Inafaa?"

Mteja yeyote Ambrose humwambia mashine yake imekufa, yakaisha. Mkwe, na mbele za watu?

"Nashukuru sana, baba."

"Mnamsikia? Basi kiti cha nyuma ni changu. Nataka niione Makambako kwa juu kabla sijafa. Lini?"

"Mvua zikikatika, baba."

Injini sasa imefungwa puani mwa ndege, maana mzee huja kuitazama, huipapasa. Ya pili Ambrose hawezi kutafuta. Angeulizwa hii ina nini.

Mwaka huu mvua zimekatika mapema. Juzi mzee kapiga simu: kwao jua linawaka, je, Mjimwema? Ambrose akatoka uani, akainua uso. Hapakuwa na wingu hata moja.

"Bado kidogo, baba," akasema.