Tuta Lenye Majani Tumboni

Neno lililotuponza ni "tuta". Kikundi chetu cha kurudisha kinamasi bondeni, chini ya milima ya Matogoro, kiliambiwa na mtaalamu kijenge tuta refu, maji yabaki upande wa juu, matete yaote tena, ndege warudi na mto usikauke kiangazi. Mtaalamu akaondoka. Wenzangu wakalijenga kama la mahindi: majani chini, udongo juu. Majani yale yangelisha ng'ombe wa mkoa mzima.

Yakaoza, yakaacha njia. Maji yakaanza kuvujia dimba la mama mkwe wangu, bustani yake ya bondeni upande wa pili wa tuta. Maharage yakageuka njano. Vyura wakahamia ukoo kwa ukoo, na nadhani Tunduru nako walituma wajumbe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkwe, nilikupa binti, dimba sikukupa."

"Tunaziba, mama."

"Mnaziba kila siku. Jumamosi nikikuta bado tope, nalikata hilo tuta kwa jembe. Ndege wenu wakaogelee kwako."

Angelikata kweli, na kinamasi chote kingekwisha alasiri moja. Tukiziba hapa, panavuja pale. Nikasema mpaka sauti ikakauka: tufukue majani. Jirani yangu, mwanakikundi mwenzangu, akanijibu kwa upole kabisa, "Tuta bila majani halina rutuba."

Rutuba ya nini, bwana? Tunavuna nini humo? Nilitamani nilale ndani nizibe mwenyewe, maana kitambi ninacho.

Mwishowe walikubali. Kipande kwa kipande tukachimba mfereji mwembamba katikati ya tuta, tukatoa majani yaliyooza, tukashuka mpaka udongo mgumu, tukajaza udongo wa mfinyanzi na kuushindilia kwa magogo. Jirani akitupia majani, mimi nayatoa. Akitupia, natoa.

Jumamosi mama mkwe akafika, jembe begani. Akaingia dimbani, akakanyaga, akainua mguu. Kandambili haikunaswa. Akazunguka bustani yote akikanyaga hivyo hivyo.

"Haya," akasema.

Nikaenda kunawa, roho imetulia. Kurudi, namkuta juu ya tuta, jembe linapanda na kushuka.

"Mama, unachimba nini tena?"

"Napanda maboga. Si tuta hili?"

Nyuma yake jirani yangu alikuwa anakuja na mzigo wa majani.