Neno Ambalo Mama Mapema Hakulijua

Pale maabara ya hospitali kulikuwa na mazoea ambayo hakuna aliyekumbuka nani aliyaanzisha. Anayefika wa kwanza asubuhi ndiye anayewasha kompyuta na kuingia kwenye mfumo kwa jina lake, na wote wanaofuata wanafanya kazi kwa jina hilo hilo mpaka jioni. Kompyuta yenyewe ilikuwa kikongwe. Kutoka na kuingia upya kulichukua dakika tatu nzima, na nani ana dakika tatu za kuchezea wakati foleni ya wagonjwa imefika mlangoni? Zaidi ya hapo, mkuu wa maabara alikuwa na daftari lenye nywila za wafanyakazi wote, na alilifungia kwenye droo ambayo ufunguo wake ulining'inia ukutani. Kwa usalama, eti!

Kwa miaka kumi na mmoja aliyefika wa kwanza alikuwa mwanamke mmoja, ndiyo maana wakamwita Mama Mapema. Kwa hiyo majibu ya mkojo, ya damu, ya choo, yote yalitoka kwa jina lake, hata yale yaliyopimwa wakati yeye yuko kwa daktari wa meno.

Na siku aliyowasha kompyuta kama kawaida, kisha akaenda kwa daktari wa meno, ndipo mambo yalipoharibika. Mwenzake mmoja, waliyemwita Chapchap kwa jinsi alivyofanya kazi mbiombio, alichanganya vichupa viwili vya damu. Mgonjwa wa wodini akaandikiwa kundi la damu lisilo lake. Bahati nzuri nesi aliona kadi yake ya zamani inasema vingine, akazuia damu isitundikwe. Mgonjwa alinusurika. Lakini kwenye mfumo jina lilikuwa la Mama Mapema, na barua ya onyo ikaandikwa kwa Mama Mapema.

"Mkuu, mimi sikuwepo! Shavu lilikuwa limevimba, ruhusa umenipa wewe mwenyewe."

"Najua, mama. Lakini mfumo unasema ni wewe. Sasa nifanyeje?"

Chapchap alikuwa amesimama pale pale, anafuta miwani. Onyo la pili lingefika kwenye baraza la leseni, na bila leseni Mama Mapema angemwaga unga, asiguse tena darubini popote pale. Alirudi nyumbani ana hasira hata ufunguo ukamshinda kuingiza mlangoni.

Aliyemwonyesha njia ni wifi yake, mhazili katika ofisi ya mawakili, mtu asiyeremba maneno. Alipokwisha kusimuliwa yote, hata habari za daftari la mkuu, akauliza:

"Wifi, neno lako la siri ni lipi?"

"Jina la mwanangu wa kwanza na mwaka aliozaliwa."

"Mpaka kwenye barua pepe?"

"Kila mahali. Ningekumbuka mangapi?"

"Kwa hiyo kile kidaftari cha bosi wako kinafungua mpaka barua zako. Hongera."

Wifi akamweleza kwamba kuna programu za kutunza nywila. Programu kama hiyo inakutungia neno refu la ajabu kwa kila mahali unapoingia, inayahifadhi yote kwenye sanduku moja lililofungwa, na wewe unabaki na kazi ya kukumbuka neno moja tu, la kufungulia sanduku. Mume wa Mama Mapema, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi, akacheka.

"Yaani siri zote unakabidhi programu, na mimi mumeo hata la simu hunipi?"

"Wewe una mdomo," akajibiwa.

Jumamosi mchana wakakaa mezani kuchagua, na Mama Mapema alichagua kwa ukali wa mama anayechunguza mchumba wa binti yake. Programu ya kwanza ilikuwa ya bure, imejaa matangazo, na kabla hata ya salamu ikaomba kusoma namba zote za simu yake. "Umekuja kutunza siri au kuchukua umbea? Toka!" Akaifuta. Ya pili ilijisifu kwamba ukisahau neno lako kuu, wao watakurudishia mara moja. Hapo akafikiri kidogo. Kama wanaweza kunirudishia, akasema, basi wanalo. Huyu naye ni mkuu wangu na daftari lake. Ya tatu ilisema waziwazi kwamba kila kitu kinafungwa kwenye simu yako kabla hakijatoka, na ukisahau neno kuu hakuna wa kukusaidia. Wifi alisita. Mama Mapema akapiga meza. "Hii hii!"

Kwa neno kuu, alifumba macho na kuchomeka kidole kwenye kamusi mara sita, akapata maneno sita yasiyojuana hata kidogo. Akayakariri wiki nzima akiosha vyombo.

Wiki ilipokwisha, Jumatatu alibadilisha nywila ya kazini, ikawa herufi ishirini zisizotamkika. Kila alipoingia alizisoma kwenye simu, akaziandika moja moja, na kila alipoinuka kitini alitoka kwenye mfumo. Hata akienda kunawa. Wenzake wakaanza kumwita Benki Kuu. Wakalalamika kwamba anawachelewesha, anaringa, amekuwa mgumu. Kweli alikuwa mgumu. Alikuwa laini miaka kumi na mmoja, na alichovuna ni barua.

Siku ya nne mkuu alichukua daftari, akajaribu kumfungulia kompyuta Chapchap kwa lile neno la zamani la Mama Mapema. Mfumo ukakataa. Akamwita Mama Mapema mbele ya wote, akamsogezea kalamu.

"Andika neno lako jipya hapa."

"Silijui, mkuu."

"Hulijui? Na asubuhi umeingiaje?"

"Simu inalijua. Mimi silijui, na sina haja ya kulijua."

"Basi fungua simu utusomee."

"Simu ni yangu. Hapana."

"Mama, hii ni barua ya pili hii!" Sauti ya mkuu ilipanda. "Unaelewa barua ya pili ni nini?"

Aliogopa, na aliona leseni yake inaning'inia. Lakini alishika kiuno. "Andika, mkuu. Uandike pia kwamba wewe ndiye unayetaka watu wafanye kazi zao kwa jina langu. Ukimaliza, nitasaini, na baraza wasome wenyewe."

Mkuu aliichukua tena kalamu yake, lakini barua hakuiandika. Mwishowe akalifunga daftari na kuondoka bila kuaga.

Dirishani nesi alikuwa amesukuma trei ya vichupa vya kupima makundi ya damu. Wote wakamgeukia Mama Mapema, kwa mazoea tu.

"Msiniangalie mimi. Nina kumi na vinne vyangu hapa."

Chapchap akavuta kiti. Akaandika jina lake mwenyewe, akangoja dakika zake tatu. Kisha akachukua kichupa cha kwanza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na akalisoma jina la mgonjwa mara mbili.