Icyansi ya Mama Ndani ya Kisanduku cha Fishi

Nilibeba mafuta ya ng'ombe ndani ya kachupa, nikaenda nayo iniversite. Watu wanacheka nikiwaeleza. Wacheke. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primeri, kisha vita ikafunga shule, na mengine yote nilijifunza kwa miguu.

Ilianza kwenye meza yangu ya kuuzia fromaji, jibini ya kwetu, pale mtaa wa Katindo. Mwalimu mmoja wa iniversite, mteja wangu wa zamani, aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Masisi, kule milimani. Akasema kwao kuna bibliotheki, nyumba ya vitabu, ya sanaa na mambo ya kale, na vitu vya Masisi vimejaa mule. Alikuwa ameona hata icyansi, chombo chetu cha mti cha kutilia maziwa, imepasuka ubavuni na kushonwa kwa waya. Nikamuuliza waya wa namna gani. Akasema kama ule wa freni ya kinga, baiskeli. Nikaendelea kumkatia fromaji, lakini kipande kikatoka kikubwa kuliko alichoomba.

Mama aliletewa ile icyansi siku ya ndoa yake, na kwetu kitu cha bibi arusi hakitoki nyumbani. Haikulazwa hata siku moja. Ilisimama juu ya kitara chake cha kuwekea vyombo vya maziwa, imefunikwa, na kila asubuhi mama aliifukiza kwa moshi wa majani mpaka nyumba nzima ikanuka utamu. Mpaka leo nikipita mahali wanachoma majani mabichi, ninasimama bure. Kila juma aliipaka mafuta, kwa sababu mti ukikauka unapasuka. Aliugua mara moja, sisi mabinti tukasahau, ikapasuka. Baba akakata waya wa freni ya kinga yake, akaishona siku tatu, halafu akashuka milima ile na freni moja. Mama alikuwa anamchokoza: "Huyu muzee atakufa kwa ajili ya maziwa." Hakufa kwa maziwa. Walimuua waliokuja na bunduki.

Na aliyeichukua ninamujua, si wale wa bunduki. Ni karani wa chifu wetu. Alipita nyumba kwa nyumba akisema vita inakaribia, vitu vya heshima mumuwekee yeye, nyumba yake ina bati na kufuli. Mama akamupa kwa mikono miwili. Tuliporudi toka kukimbia vita, kufuli ilikuwepo, vitu hapana. Leo ana nyumba ya etaji, ghorofa nzima, kule Keshero, na Jumapili anakaa benchi ya mbele kanisani. Akisoma haya atajijua.

Basi nikaenda. Nilikuwa ninawaza ule mti, miaka yote hiyo bila mafuta.

Bibliotekeri alikuwa muzee mpole, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu. Mlangoni akaninyang'anya kachupa. Akasema mafuta na karatasi ni maadui. Nikamweleza kwamba si ya karatasi, ni ya icyansi. Akanikalisha, akaleta kisanduku kirefu kimejaa fishi, makaratasi magumu yenye foto zimebandikwa. Akatoa moja, akaiweka mbele yangu.

Icyansi yenyewe haikuwepo. Ilikuwa foto yake tu, ndiyo mwalimu aliyoiona. Ilienda Ulaya, muzee alisema, na hakuna anayejua nyumba gani. Wameilaza ubavu, mdomo wazi, kama mutu aliyekufa njiani. Lakini waya wa baba ulionekana wote, hata pale alipokosea akarudia.

Nilikaa nayo muda mrefu. Nilikuwa karibu kufurahi. Kisha nikamwomba anisomee maandishi ya chini, ya Kifaransa.

"Zawadi ya familia moja ya Masisi," akasoma.

"Zawadi?"

"Ndivyo walivyoandika, mama."

Nilimwambia familia hiyo ni mimi, na hatukumpa mutu. Mama amelala kaburini, na hapa wanamwandika muke aliyegawa chombo cha ndoa yake. Nikamweleza yote, karani, kufuli, bati. Mwishoni akasema fishi haifutwi, lakini chini kuna nafasi ya wanaojua zaidi. Akanisukumia kreyo, penseli.

Nikatoa biki yangu ya wino ndani ya mfuko.

"Mama, biki hapana. Humu tunaandika na kreyo tu. Hata maprofesa."

"Kreyo inafutika, papa."

"Ndiyo maana."

Nikamuuliza kama yule aliyeandika zawadi alitumia kreyo. Akainama, akaangalia fishi. Ilikuwa wino. Akajifanya anasafisha miwani, lakini biki akaichukua akaiweka mbali. Sheria yake ilikuwa sheria.

Basi nikashika kreyo. Herufi zangu ni za mutoto wa mwaka wa tatu, kubwa, zinapanda mlima. Niliandika: HAIKUTOLEWA. ILICHUKULIWA NA KARANI WA CHIFU. MAMA ALIKUWA NA MIKONO MISAFI. Nilikandamiza kwa nguvu zote, kreyo ikavunjika mara mbili, na mara mbili muzee akaichonga.

Nilipomaliza akageuza fishi, akapitisha kidole nyuma yake. Maneno yalikuwa yametokea upande wa pili, yamevimba kama mshono.

"Hii hata wakifuta," akasema, "itabaki."

Akanirudishia kachupa kangu. Nilijipaka mafuta mikononi nje, kwenye ngazi, nikarudi Majengo ninapokaa, nikinuka kama nyumba yetu ya Masisi.