Nilimgawa Shujaa wa Sinema Kuwa Watu Wawili

Nimekosa, ndugu zangu, wala simsingizii shetani. Shetani siku ile alikaa kimya. Aliyekuwa anasema ni mimi, tena kwa kipaza sauti!

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza huku Endasak. Kazi yangu ni kueleza, na naipenda. Mtoto asipoelewa namweleza tena, polepole, mpaka atabasamu. Ubaya wangu ni kwamba siwezi kumwona mtu haelewi nikanyamaza, hata kama mimi mwenyewe sielewi.

Nilikuwa nimemposa binti wa mwenye duka la nguo pale Katesh, nimwite Zaituni. Baba yake alitaka mkwe anayejua Kiingereza. Nikamwambia najua. Lo! Nilijua salamu ya asubuhi na ya jioni, basi.

Ndipo likaja gari la sinema na picha ya mtu anayeruka angani, iliyotolewa kwenye vitabu vya katuni vya Kizungu. Mkalimani wa gari alikuwa amekaukiwa sauti kwa baridi ya mlimani. Baba Zaituni akainuka mbele ya uwanja mzima. "Mkwe wangu yupo! Mpeni yeye!"

Ningesema nini? Nikakishika kipaza sauti. Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali ambaye angenisahihisha, hakuwepo. Hapo tu Mungu alinihurumia.

Sinema yenyewe ilikuwa nzuri, tusiionee. Shujaa alipoliinua lori lililojaa watoto wa shule, wazee walisimama. Muziki ulisisimua mpaka punda wa mtu akalia! Kasoro nazo zilikuwepo, nikazieleza kwa haki. Waya uliomning'iniza ulionekana. Shuka lake la mgongoni lilipepea hata ndani ya nyumba pasipo upepo. Na wezi wa humo walimfunga binti mmoja kwa fundo la aibu. Mfugaji mmoja wa Gendabi alicheka: "Mwalimu, fundo hilo hata ndama anajinasua!"

Shida ikawa karani. Humo kwenye sinema alikuwepo karani mmoja mwoga, mwenye kofia, anakohoa kila mara. Akitoka karani, anaingia shujaa na kinyago chake machoni. Akiondoka shujaa, karani anarudi anahema. Hawakutani hata mara moja!

"Mwalimu," akauliza mama mmoja, "mbona hawa wawili wanakimbiana?"

Sikujua. Lakini nilimwona hajaelewa, na ualimu ukanipanda kichwani. "Swali zuri sana, mama," nikasema. "Karani ni baba mdogo wa yule binti. Mwenye kinyago ndiye mchumba. Hao ni mtu na mkwe wake, wanaheshimiana. Akitokea huyu, yule anampisha."

Uwanja ukaguna kwa kuridhika. "Kumbe Wazungu nao wana adabu!"

Tangu hapo kila karani alipokimbilia nyuma ya mlango watu walimpongeza. "Mpishe, baba mdogo! Mkwe anakuja!" Baba Zaituni alinitazama kama mtu aliyenunua ng'ombe akagundua ana mimba.

Kumbe mwisho wa sinema ulikuwa unanisubiri! Karani akamshika yule binti kiunoni, akambusu. Mdomoni!

"Baba mdogo!" mama yule akapiga yowe. Wanawake wakajifunika nyuso. Mfugaji akasimama na fimbo yake. "Mwalimu! Binti wa kaka yake?"

"Tulieni," nikasema, "nitaeleza." Nikaanza kueleza kwamba huko kwao, baba mdogo akiwa wa ukoo wa mbali sana... Sijamaliza, karani akavua kofia, akavaa kinyago, akaruka dirishani.

Dereva wa gari, aliyekwisha kuiona sinema ile kila mnada, akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti. "Ni mtu mmoja, ndugu zangu. Tangu mwanzo."

Kicheko kilichofuata nadhani kilifika Haydom! Nami ningecheka, kama nisingemwona baba Zaituni. Yeye hakucheka.

Asubuhi nikaenda dukani. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mwalimu." Si mkwe tena! Alikuwa anapima kitambaa, hakuinua macho. "Kutojua Kiingereza si kosa, hata mimi sijui. Lakini wewe unadanganya kwa upole mno. Mwanangu ataishije na mtu ambaye akikudanganya unamshukuru?"

Nyuma ya pazia nikamsikia Zaituni: "Ungesema tu hujui, tungecheka wote."

Ole wangu! Ameolewa Dongobesh na muuza nyama. Bwana huyo hajui hata ile salamu ya asubuhi, na humwambia kila mteja hivyo, bila kuulizwa, kwa furaha kabisa!

Wapo wanaonifariji kwamba sinema yangu ilikuwa bora kuliko ile ya gari. Ahsanteni, lakini sinema haimpokei mtu mlangoni jioni.

Basi wenzangu mnaopenda kueleza, najua mioyo yenu ni mizuri. Mkiulizwa msilolijua, jaribuni kusema "sijui." Mara ya kwanza linakwama kooni, ya pili linateleza. Mimi nalifundisha siku hizi pamoja na herufi.

Juzi mtoto mmoja wa darasani aliniuliza kwa nini sina mke. Nikamwambia sijui. Mungu anisamehe, nilidanganya tena!