Nilienda Landless kujulishwa kwa baba mkwe, akaanza na tairi za gari yangu

Wakuu, sasa zenu.

Nimekaa humu miaka nikisoma aibu za wenyewe na kucheka. Leo ni zamu yenu kunicheka. Sijaongeza chumvi. Mahali nimeonekana mjinga, jueni nilikuwa mjinga kweli.

Mimi naishi Gitothua, Ruiru, lakini kwetu ni Western. Kazi yangu ni kuuza insurance ya magari. Hiyo kazi muikumbuke, nitaihitaji mbele.

Kagari kangu kalikuwa na tairi mbili za mbele zimeisha kabisa, zina kipara. Moja hata ilikuwa na historia. Iliwahi kudungwa na msumari Kiganjo, fundi akabandika patch ndani. Mimi vile nimezoea kushuku watu, nikamlazimisha aweke ya pili juu yake. Zikakaa kama msalaba.

Sasa kuna jamaa alikuwa anazunguka Ruiru na mkokoteni akichukua tairi kuukuu. Akaniambia zinaenda recycling. Eti zingine zinasagwa zinakuwa mikeka ya gym, zingine zinachomwa kwa tanuri za viwanda.

Nikampa zote mbili, nikapiga na picha. Nikaweka status: "Tutunze mazingira." Marafiki wakanitumia makofi.

Gari ikakaa juu ya mawe kwa plot wiki mbili hivi nikitafuta tairi zingine. Halafu nikapata muuzaji Thika. Ana ex-Japan, yaani used zilizotoka Japan, nyeusi tii, zinang'aa, groove, ile mifereji ya juu, kubwa kubwa. Nikabargain mpaka akasema namfilisi. Niliondoka pale nikijiona mwanaume.

Fundi wa Gitothua aliyezifunga alinyamaza muda wote. Nilidhani ni heshima.

Wakuu, hiyo Jumapili ndiyo nilikuwa naenda Landless, mtaa wa hapo Thika, kujulishwa kwa wazazi wa Njoki. Huyu msichana nilikuwa nimemsaka miaka miwili, na alikuwa ameniambia wazi: baba akikataa, amekataa. Kwa hiyo siku hiyo haikuwa ya mchezo. Nilivaa suti.

Kuhusu babake, Njoki aliniambia tu kwamba anatengeneza viatu. Mimi nikafikiria ngozi, duka, kioo cha kujiangalia.

Kumbe mzee alifanya kazi miaka mingi kwa kiwanda cha kuretread tairi, yaani kuzivisha mpira mpya, na akistaafu akaanza kukata akala, viatu vya tairi, nyuma ya nyumba. Tairi imejaa kwa hiyo compound kuliko kuku.

Lunch ilienda poa. Mukimo, nyama, chai. Nikaona nimpige mzee mistari ya kazi.

"Mzee, maisha ni risk. Lazima mtu ajipange mapema."

Mzee akatafuna. "Ni ukweli," akasema.

Nikajua nimepita.

Saa ya kwenda, jioni, Njoki alikuwa arudi na mimi Ruiru kwa sababu kesho yake alikuwa na kazi saluni. Ashaweka mkoba kwa gari. Mzee na mama wakatusindikiza.

Mzee akachuchumaa kwa tairi ya mbele. Akapitisha kidole gumba ndani ya groove, polepole, halafu akakiangalia. Kilikuwa kimekuwa cheusi.

"Hii umetoa wapi?"

"Ni ex-Japan, Mzee."

"Japan."

Hakucheka. Aliinuka, akajipangusa, akasema bila kupandisha sauti: "Njoki, toa mkoba kwa gari."

Wakuu, mimi nimeshawahi kufutwa kazi. Nimeshawahi kuibiwa simu nikiwa nimeishika. Lakini hayo maneno yalizidi yote.

Nilijaribu kujitetea. Mzee akaleta jeki na vyuma vyake, akaitoa ile tairi hapo hapo, na mimi namshikia tochi ya simu nikiwa na suti. Akakwangua rangi. Chini ya groove nyuzi zilikuwa zinaonekana.

Akanieleza kama mwalimu. Tairi si mpira tu. Juu kuna mpira, chini kuna waya, halafu nyuzi, na hizo nyuzi ndizo zinabeba watu. Retread ya kweli unaangalia mwili kwanza, ukiwa mzima unaubandika mpira mpya na kuuchoma. Hii mtu amechukua kisu, akachonga groove kwa ule mpira kidogo uliobaki, akapaka rangi. Kwa Superhighway, jua kali, ingepasuka.

Halafu akageuza ndani.

Patch mbili. Msalaba.

Ningeweza kunyamaza, jameni. Hakuna aliyejua. Lakini mdomo ulishafunguka: "Mzee, hii... hii ni yangu. Nilimpa jamaa wa mkokoteni, eti recycling."

Mama Njoki akashika kichwa. "Ngai! Yaani ulitupa tairi ikakufuata?"

Njoki alicheka mpaka akakaa chini. Mzee hakucheka.

"Tairi kuzeeka si makosa," akasema. "Hata mimi nimezeeka. Lakini mimi sijapakwa rangi. Siku utaleta gari yenye naweza kuwekea mtoto wangu, tutaongea hayo mengine."

Hiyo ndiyo mtu wa insurance aliambiwa.

Nilirudi Ruiru na basi, pekee yangu, na suti. Gari ikabaki juu ya mawe mbele ya kwao zaidi ya mwezi. Landless nzima ilijua ni ya nani. Njoki alinipigia kila jioni kunipa salamu za gari.

Nikajinyima. Nikanunua tairi mpya nne, dukani, na risiti. Nikazipeleka Landless na pickup.

Mzee alizisoma moja moja. Mnajua kuna nambari nne ubavuni zinaonyesha wiki na mwaka tairi ilitengenezwa? Mimi sikujua. Ninauza insurance ya magari. Akabonyeza, akanusa, akazunguka gari mara mbili. Mimi nilikuwa nimesimama pale mikono nyuma, jasho linatoka.

Mwishowe akaita ndani ya nyumba:

"Njoki! Rudisha mkoba kwa gari."

Nililia kidogo, sitaficha.

Akanipa pia akala mpya, saizi yangu. Ndani ya soli ya kushoto kuna alama ya patch, nusu msalaba. Alisema hiyo tairi sasa imefika mwisho wake, hakuna mtu ataniuzia tena. Nimezivaa nikiandika hapa.

Nilichojifunza: ukitupa tairi, ikate kwanza ubavuni ndiyo mtu asiichonge. Na ukinunua kitu cheusi sana, pitisha kidole.

Sasa tokeni nje muangalie zenu kabla hamjaanza kunicheka. Mtakachopata, leteni hapa. Wale mko na akina mzee wa ukweni kama huyu, semeni pia, nisijione niko peke yangu.