Njia za Kusema Amekufa

Jioni ya mwisho ya matanga, kabla ya kumsafirisha mke wangu kwao Kakamega, nilitakiwa kuwashukuru watu. "Maneno machache tu," kaka yake aliniambia. "Waambie ametutoka, washukuru, uketi." Mimi niliishia darasa la saba na sijazoea kusimama mbele ya watu, lakini si hilo lililonisumbua. Lilinisumbua lile neno, ametutoka. Nilikuwa sijui kama ni kweli.

Mchana, tukipanga viti chini ya hema hapa mtaani kwetu Jericho, nikaanza kuwauliza waliokuja kusaidia. Kwenu mnasemaje mtu akifa?

"Mzee, mtu hafi!" jirani yangu Mluo alinikemea, birika la chai mkononi. "Kuku ndiye hufa. Sisi tunasema ametuacha."

"Huyu aache mtu?" nikamjibu. "Hata Jumapili alikuwa akinisubiri mlangoni nikihangaika na viatu."

Akacheka, kisha akaona haya kwa kucheka.

Mkamba mmoja anayechoma nyama soko la Burma alisema kwao mtu hupumzika. Nikajaribu kumwona mke wangu akipumzika, nikashindwa. "Vijana wanaokula kwangu wanasema mtu amededi," akaongeza, "lakini hiyo usiitoe mbele ya padri."

"Padri mwenyewe ni mtoto wa mtaani, alikulia Makadara," jirani akadakia. "Atakuwa ameisema mara ngapi?"

Niliendelea kuyageuza maneno hayo kichwani nikifuta viti. Kumbe kila lugha humpa marehemu kazi ya kufanya. Anaondoka, analala, anapumzika, anaitwa na kuitika. Ni kama hakuna kabila linalotaka kukubali kwamba mtu anaweza kukoma tu, katikati ya shughuli. Na ile ya Kiswahili, ameaga dunia, ndiyo iliyonichoma zaidi. Hakuaga. Alikuwa akikaanga omena, nikasikia mwiko ukianguka, nikamwambia kutoka chumbani auache, nitauosha mimi.

Jioni nikasimama. Walikuwa wengi kuliko viti.

"Mke wangu amekufa," nikasema. "Asanteni kwa kutupikia na kwa kukaa nasi."

Nilikuwa na mengine, hayakuja. Kaka yake aliinamia sikio la mama yao, akaanza kumnong'oneza kwa Kiluhya, na kwa jinsi alivyokuwa mpole nilijua ananilainishia maneno. Mama mkwe alikuwa hajalia tangu afike. Kila aliyemsalimu alimwambia ajikaze, naye alikuwa amejikaza. Sasa akamsukuma mwanawe kwa kiwiko.

"Usinitafsirie. Nimemsikia."

Kisha akalia, kwa sauti, mikono kichwani, akimwita binti yake kwa jina la utotoni ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Hakuna aliyemwambia ajikaze. Kwa desturi yao, mimi na yeye hatusogeleani, kwa hiyo nilibaki upande wangu wa hema, nikalia huko huko.