Mbio za Kusimamasimama

Asubuhi za kwetu Mtinko, alizeti zikiwa zimechanua, ukikimbia kabla jua halijapanda unaweza kuamini kwamba bado umelala. Barabara ni laini, upepo unashuka na baridi kutoka kwenye mawe makubwa, na kila upande ni njano tupu. Yote haya nilimsimulia binti niliyekimbia naye, maana haoni tangu utotoni. Mikono yetu tuliiunganisha kwa kamba fupi niliyoishona kwa vipande vya kitenge. Mimi ni fundi cherehani. Nilijitolea siku mwalimu wa michezo alipopita akitafuta mwanamke mwenye pumzi na nafasi ya asubuhi. Kuhusu subira hakuuliza, na ni bahati yake.

"Dada, leo alizeti zimetazama wapi?"

"Kwenu."

Alicheka, tukaongeza mwendo. Kuna wakati nilifumba macho nikamwachia yeye barabara, nikasikia viatu vyetu tu na pumzi zetu. Nilizipenda saa hizo kuliko ninavyoweza kusema.

Tatizo letu lilikuwa wazee. Kwetu binti hampiti mtu mzima mbio kama mbuzi aliyekata kamba. Anasimama, anakunja goti, anasema shikamoo, kisha anaulizwa habari za nyumbani, za mifugo na za mvua. Mzee akikohoa tu nyuma ya ua, mwenzangu alikuwa ameshasimama na bega langu limevutika. Nilinung'unika mpaka nikachoka.

"Wewe utapunga mkono, watakuona umewaona," aliniambia. "Mimi nikipita kimya watasema bibi hakunilea."

Bibi huyo ndiye aliyemlea, na mbio hakuzitaka. Aliogopa watu watamcheka mjukuu wake njiani. Alipobembelezwa sana alitoa sharti: akimbie mashindano ya wasioona ya mkoa, akichaguliwa kwenda Dodoma, sawa. Asipochaguliwa, arudi akae nyumbani, na habari za mbio ziishe. Wangechaguliwa wawili tu.

Siku ya mashindano, Singida mjini, njia ilipinda kando ya ziwa. Maji yalikuwa yanameta, na ndege heroe wamesimama humo kama nguo zilizoanikwa. Tulikuwa wa pili. "Nauona utepe," nilimnong'oneza. Sikuhisi tena miguu yangu, nilihisi tunaelea, na nikatamani njia isiishe. Ndipo sauti ya kizee ilipoita kwa Kinyaturu kutoka pembeni. Alikuwa bibi, aliyeapa kwamba hatakanyaga pale.

Bega likavutika. Binti alikuwa amesimama. Kiongozi wa asiyeona haruhusiwi kumvuta mkimbiaji wake, na kanuni hiyo niliilaani moyoni. Aligeukia ile sauti, akakunja goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Habari za..." Bibi alianza kwa mazoea, kisha akawaona wengine wawili wenye kamba yao wakitupita. Akashika kichwa. "Nenda! Nenda, mwanangu!"

Tulimaliza wa tatu. Nililia kwa hasira, sifichi. Yeye alitabasamu, uso wote jasho.

"Dada, bibi alikuja."

Nilitaka kumzaba kibao na nilitaka kumkumbatia. Nilimkumbatia.

Jumatatu nilikwenda barabarani kwa mazoea tu, kamba nimejifunga mkononi, ncha yake inaning'inia. Sikutegemea mtu, maana neno la bibi halirudi nyuma. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya alizeti. Nilikaa kwenye jiwe, na moyo uliniuma kwa upweke ambao sikuutarajia. Kisha nikawaona wawili wakija taratibu ndani ya ule ukungu, bibi mbele, amemshika mjukuu wake mkono. Nikainuka, nikakunja goti.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Aliikamata ile ncha ya kamba, akaifunga mwenyewe kwenye mkono wa mjukuu wake, akaivutavuta kuona kama imekaza.

"Jana nimepita nyumba zote za barabara hii," alisema. "Nimewaambia wazee wenzangu wasiwasimamishe. Nanyi mkitukuta njiani, msitusalimie."

Binti akaanza kukunja goti kumshukuru. Bibi akamdaka kiwiko, akamwinua.

"Hata mimi," alisema. "Piteni tu."